Shahidi wa Ng'ambo ya Ukuta

Serikali ikitaka kujua kama mwanamume ana mke, haimuulizi mke. Inamuuliza jirani. Ndivyo Arsenio Dumlao alivyoambiwa katika ofisi ya uhamiaji ya mji wa Phrae, na afisa wa dirishani ambaye hata uso hakuinua. Cheti cha ndoa kimeonekana, sawa. Picha zimeonekana, sawa. Karatasi ya benki, sawa. Sasa maafisa watakuja nyumbani kutazama kwa macho yao, na siku hiyo awepo jirani, raia, mwenye kitambulisho, wa kusema kwamba hawa wawili ni mke na mume kweli.

"Jirani yeyote?" Arsenio aliuliza.

"Wa karibu, anayewaona kila siku. Usiniletee mtu wa mtaa wa pili aliyekula nauli yako."

Arsenio alikuwa Mfilipino, mwalimu wa hesabu, na mvi zake zote zilimtokea hapo Phrae. Miaka yote hiyo kibali chake cha kuishi kilipitia mgongoni mwa shule, hakukisumbukia. Mwaka huo shule ikapunguza walimu wa kigeni, naye akapunguzwa, na kibali kikafa pamoja na kazi. Kilichobaki cha kumweka nchini ni Saijai, mkewe, muuza mboga sokoni. Kibali cha mwenye mke hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa anayeaminiwa. Asipoaminiwa, atafunga begi arudi kwao Pangasinan, ambako wazazi walishakufa na nyumba ilishauzwa. Saijai alishasema zamani kwamba hahami. "Niende huko nikamuuzie nani, na kwa lugha gani?" Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi: apate kibali, au ndoa ifie kwenye simu.

Tatizo lilikuwa jirani. Nyumba ya kushoto ilikuwa imefungwa, wenyewe wako Bangkok. Mbele palikuwa na ghala la mbao. Kulia alikaa Bi Bunruan, mjane, na Bi Bunruan alikuwa hajawasemesha tangu masika ya mwaka uliopita.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa samaki. Dada yake Arsenio humtumia samaki wakavu wa kwao, naye huwakaanga nje, kwenye jiko la mkaa kando ya ukuta. Siku moja moshi ulivuka ukuta ukaingia kwenye nguo za Bi Bunruan zilizokuwa kambani. Bibi akatokeza kichwa. "Mwalimu, hiyo maiti unayoikaanga ni ya nani?"

Arsenio si mtu wa majibu, lakini siku hiyo jibu lilimjia, akaliachia. "Shangazi, mwenye mitungi ya samaki waliovunda anajuaje harufu?"

Kichochoro kizima kikacheka, maana mitungi ya bibi ya samaki wa kuchachusha ilijulikana na wote. Bi Bunruan hakucheka. Alianua kambani kikoi cha kiume, chakavu, cha miraba ya buluu na nyeupe, akakinusa, akaingia nacho ndani. Tangu siku ile ni kimya. Kikoi kile kilifuliwa na kuanikwa kila wiki, na hakuna aliyewahi kujiuliza mwanamke anayeishi peke yake anafua kikoi cha nani. Kila nyumba ina matambara yake.

"Nenda wewe ukamwombe, ni mtu wa kwenu," Arsenio alimwambia mkewe.

"Mimi nilimtukana? Aliyelikoroga alinywe."

Mwenye shida hachagui mlango. Arsenio akaenda na machungwa ndani ya mfuko, akamkuta bibi amechuchumaa anawakatia bata wake mgomba. Akaeleza yote, shule, kibali, maafisa. Panga halikusimama hata mara moja.

"Nitasema ninachokijua," Bi Bunruan alisema mwishowe. "Nisichokijua sisemi."

Akayaacha machungwa pale pale chini.

Jibu lile lilimtia Arsenio hofu kuliko kukataliwa, maana alijua bibi anajua nini. Yeye na Saijai hawakulala pamoja. Hapakuwa na ugomvi, la. Arsenio anakoroma, na Saijai huamka alfajiri kupanga mboga, anahitaji usingizi wake. Mke alilala juu. Mume alilala chini, kwenye godoro lililowekwa chini ya dirisha, na dirisha lile lilitazama kwa nani? Kwa Bi Bunruan.

Basi wakafanya wafanyavyo watu wenye hofu, wakaanza kutengeneza ukweli uliokuwapo tayari. Godoro likapandishwa juu. Wakanunua mito miwili mipya na foronya za maua. Picha ya siku ya ndoa ikatundikwa juu ya kitanda, mahali ambapo siku zote palikuwa na kalenda ya duka la mbolea.

Maafisa walifika asubuhi jua limeshapanda. Luteni mmoja aitwaye Phairot, mtu mzima mwenye tumbo, na askari wa kupiga picha. Wakawapiga picha chini ya namba ya nyumba, wakawapiga mezani, kisha wakapanda chumbani na kuwakalisha kitandani bega kwa bega kama wachumba waliofumaniwa. Luteni akaubonyeza mto. Mto ukalia kwaruu.

Akaubonyeza tena, kisha akachungulia ndani ya foronya. "Mnalala na nailoni?"

Saijai alikuwa amesahau kuitoa, na Arsenio alikuwa hajui kwamba ipo.

"Mwalimu, upande wa ukutani analala nani?"

"Mimi, afande."

Luteni akashuka, akamkuta Saijai amekimbilia jikoni kwa aibu ya mto, akamuuliza vilevile.

"Mimi," alisema Saijai.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya hawa haikumaliza hata ngazi. Luteni akaketi mezani, akafungua faili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha Arsenio. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshaona wanaume wengi wa kigeni wenye wake wa karatasi, na anayejua pa kutia sahihi.

"Mwiteni huyo shahidi," alisema.

Bi Bunruan aliingia amevaa blauzi yake ya hekaluni, kitambulisho mkononi. Machungwa hayakutajwa.

"Shangazi, hawa wanaishi pamoja?"

"Wanaishi."

"Wanalala pamoja?"

"Hapana."

Arsenio aliutazama mkono wa luteni ukiishika kalamu. Alianza kufikiri ni vitabu gani atabeba na vipi ataviacha.

"Watalalaje pamoja?" Bi Bunruan aliendelea. "Huyu mwalimu anakoroma mpaka bata wangu wanaitikia. Analala hapa chini ya dirisha. Leo wamepandisha godoro kwa ajili yenu. Hawa watu wana elimu lakini hawana akili."

Askari wa picha alikohoa.

"Wewe umeyaonaje, Shangazi?" luteni aliuliza.

"Dirisha halina pazia, na ukuta unanifika kifuani. Usingizi wangu ni haba. Nifumbe macho kwangu mwenyewe?" Bibi akavuta kiti akakaa, hakukaribishwa. "Andika, afande. Alfajiri mke akishuka, haendi sokoni moja kwa moja. Husimama pale kwanza. Huzima feni, maana upepo wa alfajiri huingia kifuani. Halafu humfunika kikoi cha miraba, anakivuta hadi hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Miguu anaiacha nje, kwa sababu akifunikwa miguu huamka na kuuliza saa ngapi. Halafu hungoja kidogo. Husikiliza. Akimsikia bado anakoroma, basi, roho yake inatulia, anaondoka. Sasa kama huyo si mke, niambieni mke ni yupi."

Luteni hakuandika mara moja. "Si mngesema tu mnalala mbalimbali," alisema akimtazama Arsenio. "Hata mimi kwangu..." Akaacha hapo, akaandika, akamgeuzia bibi faili atie sahihi.

Walipoondoka wote, Arsenio alibaki amesimama katikati ya nyumba. Alitaka kulia, na hakuona aibu.

"Sikujua kama unanifunika," alimwambia mkewe.

Saijai alikuwa anautoa mto kwenye nailoni. "Nani, mimi? Alfajiri nina mafungu ya mboga ya kupanga. Nakuruka tu kama kizingiti."

"Na feni?"

"Nikizima feni utaliwa na mbu, kisha lawama zangu."

Wakatazamana. Katika nyumba ile hapakuwa na kikoi cha miraba. Arsenio akaenda dirishani. Ng'ambo ya ukuta kile cha bibi kilikuwa kambani, kimefuliwa, buluu imepauka.

"Mumewe alikuwa mgonjwa wa kifua," Saijai alisema polepole, akiwa nyuma yake. "Alilazwa pale barazani kwake, kwenye hewa. Sisi tulikuwa hatujahamia bado. Watu walinisimulia, nikasahau."

Arsenio aliikumbuka ile siku ya samaki, na jinsi bibi alivyokinusa kile kitambaa kabla ya kuingia ndani. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Jioni hiyo hiyo alilibeba jiko la mkaa akalihamishia upande wa barabarani, ambako moshi uliita mbwa wote wa kichochoro, naye akawavumilia.

Mhuri ulikuja baada ya muda wa kungoja kwisha. Arsenio hakuenda kwanza nyumbani. Alisimama ukutani na pasipoti wazi mkononi.

"Wamenipa mwaka mmoja, Shangazi."

Bi Bunruan akajifuta mikono, akautazama mhuri kwa muda mrefu. "Mume wangu naye hospitali walimpa mwaka mmoja."

"Wakamwongezea?"

"Hawakumwongezea."

Akamrudishia pasipoti. Bata walikuwa wanamzunguka miguuni wakidai chakula, akawasukuma kwa unyayo.

"Mwakani wakija, mtoe nailoni," alisema. "Na yule mkeo mwambie afanye kama nilivyosema. Mimi nimetia sahihi. Uzee huu sitaki kuitwa mwongo."

Arsenio akamfikishia Saijai maneno hayo kama yalivyo. Saijai alikuwa anakula, akaendelea kula. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na mboga zilizobaki, na juu ya mboga kulikuwa na kikoi kipya cha miraba, chekundu.

"Cha buluu hawakuwa nacho," alisema, akakitupia kwenye godoro chini ya dirisha.