Kiraka cha Besi

Siku za Jumamosi, ikishatimu saa nane mchana, Sifael, fundi wa rejeta za magari, hakupokea kazi mpya. Wateja wake wa Ngarenaro walishamzoea. Aliyekuja na gari linalochemka aliambiwa aliache kivulini lipoe, na yeye mwenyewe aketi apoe vilevile, kwa sababu msafara wa kwanza wa harusi ulikuwa njiani.

Mbele ya karakana palikuwa na benchi la watu watatu. Upande mmoja alikaa Sifael, mikono imeshikwa na weusi wa moshi wa gesi. Katikati alikaa mkewe, Nashipae. Upande wa pili alikaa Zamda, jirani yao, aliyekaanga vitumbua mlangoni kwake hatua chache kutoka hapo na hakuona sababu ya kukaa peke yake matarumbeta yakipita. Bendi hukaa nyuma ya pikapu, mbele ya gari la maharusi, na sauti yake hukata kona kabla ya pikapu yenyewe. Huo ndio ulikuwa mchezo wao: kuitambua bendi kabla ya kuiona. Aliyekosea alipika chai.

"Hao wa Tengeru," Zamda alisema mara moja, mwiko mkononi. "Sikilizeni ngoma inavyokimbia, kama imeacha maziwa jikoni."

"Wa Tengeru wana ngoma mbili," Nashipae akajibu, macho ameyafumba. "Hii ni moja, na anayeipiga amevimbiwa pilau. Hao ni wa Sakina."

Pikapu ikatokea. Walikuwa wa Sakina.

"Shoga yangu, wewe ni mchawi," Zamda alisema, akaenda kuinjika chai.

Nashipae alikuwa Mwarusha wa Terrat. Alikulia mahali ambapo muziki ni koo na kifua, wanaume wamejipanga wanaunguruma na wanawake wanawapokea kwa juu. Matarumbeta aliyasikia kwa karibu mara ya kwanza siku ya harusi yake mwenyewe, alipoletwa Nkoaranga kwa Wameru. Bendi ya usharika ilipoanza kupiga mlangoni pa kanisa, bibi harusi alisimama. Shela usoni, maua mkononi, akasimama kabisa katikati ya njia, anasikiliza. Shangazi zake Sifael walidhani amebadili nia. Ilibidi asukumwe kidogo mgongoni.

"Nilikuwa nataka wamalize," alimwambia mumewe baadaye. "Huwezi kumpita mtu anapokusemesha."

Tangu hapo alikuwa mtu wa kufuata sauti. Akiagizwa nyanya sokoni, akasikia mahali kwaya inafanya mazoezi, nyanya zilichelewa. Akirudi alikuwa na habari: kuna kijana anapiga kinanda nyuma ya duka la magodoro, kuna mzee kipofu ana zeze stendi, twende Jumanne. Sifael alikwenda naye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kukaa kando ya mkewe akisikiliza kulimtosha.

Kisa cha besi kilitokea miaka saba iliyopita. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalobebwa mapajani kama mtoto aliyelala. Besi la bendi ya Nkoaranga lilianguka kutoka kwenye pikapu pale Mnara wa Saa, na harusi ilikuwa bado nusu. Wakamkimbilia Sifael, mtu wa kwao, kwa kuwa shaba ni shaba. Bomba la chini, pale linapojikunja, lilikuwa limepasuka kiasi cha kuingiza kidole. Sifael alikata kipande kutoka kwenye tangi la rejeta kuukuu, akakipinda juu ya goti, akakichomea kwa risasi ya kulehemu. Pande tatu zilishika vizuri. Kufika upande wa nne risasi ikamwishia, na bibi harusi alikuwa garini anatoka jasho.

"Nileteeni Jumatatu nimalizie," aliwaambia.

Waliondoka wakipiga. Noti zote zilitoka safi isipokuwa so ya chini, ile ya do-re-mi-fa-so. Besi lilipoishukia noti hiyo, pumzi ilipenya chini ya ukingo ulioachwa wazi, kiraka kikatetemeka, na sauti ikatoka nzito, yenye mkwaruzo. Sifael aliona aibu hadi masikio yakamuwaka. Fundi mzima, na kazi yake inatangazwa mjini kwa matarumbeta.

Nashipae alikuwa ameshasimama. "Baba Jackline, umesikia?"

"Nimesikia. Jumatatu nitaziba."

"Uzibe nini? Hao ni wanaume wa kwetu wanaimba. Wanaitoa hapa." Akajigonga kifuani. "Miaka yote nasikiliza matarumbeta yenu. Mazuri, lakini yamenyooka kama watu waliofunga tai. Leo nimemsikia mmoja wa kwetu yumo ndani. Ukimfunga mdomo, chai utajipikia mpaka ufe."

Jumatatu besi halikuletwa, wala Jumatatu iliyofuata. Sifael hakuliulizia. Ikawa kila bendi ya Nkoaranga ikishuka mjini, Nashipae alinyanyua kidole tangu mbali, akaungoja wimbo ushuke, na so ya chini ilipofika alikishusha kidole na kuunguruma pamoja na besi: "Hhhm!" Zamda alicheka hadi vitumbua vikaungua. Bendi hiyo hawakuhitaji kuibahatisha.

Nashipae alifariki mwezi wa saba, baada ya kuugua wiki tatu. Alizikwa Nkoaranga, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Siku ya mazishi bendi ilikuja bila besi, kwa sababu mpigaji wake, mzee Ephraimu, alikuwa amelazwa kwa ajili ya kifua. Sifael alisikiliza nyimbo zote hadi mwisho akihisi kuna mtu hajafika.

Lakini alijipa moyo, kwa sababu ya Pasaka. Bendi ya Nkoaranga ina desturi yake. Alfajiri ya Pasaka hupanda na kushuka vijia vya mlimani, na husimama kwenye kila nyumba iliyozika tangu Pasaka iliyopita, ikapiga wimbo mmoja kaburini kabla jua halijatoka. Mwaka huu wangefika kwake. Besi lingekuwepo, na Nashipae angeimbiwa na mtu wa kwao. Aliingoja siku hiyo kwa miezi minane bila kumwambia mtu, ila Zamda peke yake.

"Utanisimulia," Zamda alikuwa amemwambia. Jumamosi walikuwa wakiketi wawili, huku na huku, katikati hapana mtu.

Jumanne ya wiki ya kuelekea Pasaka bajaji ilisimama mbele ya karakana. Akashuka Bariki, mwalimu mpya wa bendi, kijana wa miaka thelathini na kitu. Nyuma yake akashuka mzee Ephraimu, amekonda, amelikumbatia besi.

"Shikamoo, mzee," Bariki alisema.

"Marahaba. Shikamoo, mzee Ephraimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa au ni mimi nimepungua?"

"Sote wawili tumepungua."

Wakaketi kwenye benchi. Bariki alieleza taratibu, kama mtu aliyejiandaa njiani. Besi lina noti moja mbovu. Yeye ameichunguza, akaona ni kiraka. Vijana wanaojifunza wanaisikia mbovu na kuipiga mbovu, na wageni wakija wanacheka. Angependa lizibwe kabla ya Pasaka. "Najua ni kazi ya mkono wako, fundi. Sikuja kukulaumu. Nimeambiwa uliifanya harusi ikiwa barabarani."

"Ndiyo."

"Basi tunaomba umalizie."

Sifael alilitazama besi. Kiraka kilikuwa palepale, kutu ya kijani imeota pembeni. Alisema kwa sauti ndogo, "Haiwezekani kusubiri hadi baada ya Pasaka?"

"Baada ya Pasaka tuna harusi nne mfululizo, mzee."

"Nifanye Jumatatu ya Pasaka. Nitafungua hata kama ni sikukuu."

Bariki hakuelewa. Akamgeukia Ephraimu, lakini mzee alikuwa anaangalia mikono yake. "Kijana," Ephraimu alisema, "niangalizie hapo kwa yule mama kama vitumbua vimeiva."

Bariki akaenda. Pumzi za mzee zilisikika, fupifupi, kama za mtu aliyemaliza kupanda mlima.

"Najua unachotaka," alisema. "Mama Jackline nilikuwa namwona kila tunapopita hapa. Ananyanyua kidole. Nikifika pale kwenye so, nilikuwa naikaza makusudi, ili akisikie kifua cha kwao."

"Sikujua."

"Hukutakiwa kujua. Lakini mdogo wangu, tundu lile linakula. So moja inataka pumzi mbili. Zamani nilikuwa nazo. Sasa daktari ameniambia niache kupuliza, nami nimemwambia nitaacha baada ya Pasaka. Wimbo wa makaburini una so kumi na mbili. Nyumba ziko tisa." Akatabasamu. "Nimehesabu. Kwa tundu lile, kwako sifiki. Nyumba yako ni ya saba."

Barabarani pikipiki zilipita, mtu akamtukana mwenzake, mwenzake akacheka. Aliona hapakuwa na wa kumlaumu. Kijana alikuwa na haki yake, mzee alikuwa na mapafu yake, na ukingo ule aliuacha wazi mwenyewe kwa mikono yake.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizo?" aliuliza.

"Ningekuambia nini? Mkeo alikuwa anafurahi."

Bariki akarudi na vitumbua vimefungwa kwenye gazeti, na Zamda nyuma yake, amejifuta mikono kwa khanga. Alikuwa ameshaambiwa na Bariki habari ya kiraka.

"Mzee Ephraimu," Sifael alisema, "kabla sijakitoa, nipigie ile so. Mara moja tu."

Mzee alilipandisha besi mapajani. Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine juu yake. Sauti ikatoka, nzito, imekwaruza, ikagonga mabati ya karakana. Zamda alinyanyua kidole, akafungua mdomo, kisha akajiziba kwa khanga. Sauti ilikatika kabla ya wakati wake. Ephraimu alikohoa muda mrefu.

"Basi," Sifael alisema. "Inatosha, mzee."

Alifanya kazi kama alivyofanya siku zote, hatua kwa hatua. Alikipasha kiraka moto hadi risasi ya zamani ikalegea, akakibandua kwa koleo. Akasugua kijani chote kwa msasa mpaka shaba ikang'aa. Akakata kipande kipya, akakipima mara tatu, akakipima tena. Safari hii risasi alikuwa nayo ya kutosha. Alifunga upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne mkono ulisimama, moto ukiwaka hewani. Bariki alidhani fundi anaangalia joto. Kisha akaufunga nao, akatumbukiza bomba kwenye beseni la maji, akapuliza. Hakikutoka hata kipovu kimoja.

"Hiki kiraka cha zamani utakitupa?" Zamda aliuliza.

"Shaba ni shaba. Kitakwenda kwenye kopo."

"Nipe mimi. Meza yangu inayumba."

Akaenda nacho, akainama, akakisukuma chini ya mguu mmoja wa meza ya jiko lake. Akalitikisa jiko kwa mkono. Halikuyumba tena.

Alfajiri ya Pasaka kulikuwa na ukungu Nkoaranga, umande unadondoka kwenye majani ya migomba. Sifael alisimama kaburini na binti yake, Jackline, aliyekuja na basi la jana yake kutoka Moshi. Tangu saa kumi na moja waliisikia bendi ikizunguka mlima, mara juu, mara chini, ikinyamaza inapotembea na kuanza inapofika kwa mtu. Sifael alihesabu nyumba. Ya tano. Ya sita. Kisha zikasikika hatua kwenye kijia chao, na mwanga wa taa ukapita kati ya migomba.

Walikuja kumi na wanne, viatu vimejaa tope. Ephraimu alikuwa wa mwisho. Alimwinamia Sifael kichwa kidogo, akaweka mdomo kwenye besi.

Wimbo ulianza. Sifael aliujua tangu utoto. Alijua unapopanda na unaposhuka. Ulipokaribia so ya kwanza, kidole chake kilinyanyuka chenyewe kando ya koti.

So ikatoka. Ilikuwa mviringo, safi, haina hata kovu. Ephraimu aliishika hadi mwisho wake na kuendelea na noti iliyofuata bila kuvuta pumzi. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Bariki, akiongoza kwa mkono mmoja, alifumba macho kwa furaha, na kweli ilikuwa nzuri. Fundi yeyote angejivunia.

Ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Ubeti wa mwisho ulipofika Sifael alivuta hewa kifuani, akaingoja noti, akajaribu kuunguruma kama alivyosikia mtu akiunguruma kando yake kwa miaka sita. Kilichotoka kilikuwa kikohozi, na kilitoka kimechelewa. Noti ilikuwa imeshapita.

"Baba, baridi?" Jackline alinong'ona, akamfunika mabega kwa shuka.

"Ndiyo. Baridi."

Bendi ikamaliza. Wakaombewa, wakapewa maji ya moto ya kunawa mikono, wakashika njia kwenda nyumba ya nane. Ephraimu alipita akimshika bega. "Nimefika," alisema.

"Umefika, mzee. Asante."

Jackline aliingia ndani kuwasha moto. Sifael alibaki kwenye migomba. Baada ya muda matarumbeta yalianza tena ng'ambo ya bonde, madogo, yamechanganyika na ukungu na mlio wa jogoo. Alifumba macho akasikiliza hadi mwisho, kwa makini, kama walivyozoea benchini. Angekuwa Ngarenaro, asingejua ni bendi ya wapi.