Hatua Thelathini za Mama Mkwe

Mimi ni mchimba vyoo, na sioni haya kulisema. Wanaocheka jina langu la Fundi Shimo ndio hao hao wanaonitafuta mbio tumbo likiwabana. Kazi yangu ina sheria moja isiyo na mjadala: kati ya choo na kisima, hatua thelathini za mtu mzima.

Nilipomchimbia mama mkwe choo chake, hakutaka nipime mimi. "Atakayekwenda huko na magoti haya ni nani? Wewe?" alisema. "Nitapima mwenyewe."

Akashika fimbo, akaanzia kwenye kisima tunachochotea sote mtaani, akiburuta kandambili. Hatua yake moja haikuzidi urefu wa kandambili mbili. Aliposema thelathini, mimi niliyesimama kwenye pampu ya kisima nilikuwa bado naweza kumsikia akihema. Niliona. Fundi yeyote angeona. Lakini mtu habishani na mama mkwe wake, tena mbele ya majirani, kwa hiyo nikachomeka kijiti pale pale aliposimama. Nilijiambia udongo utachuja uchafu.

Miezi minne baadaye mtoto wangu wa mwisho akaanza kuhara. Akapata nafuu, akaanza tena. Mke wangu alilaumu nzi, kisha matunda, kisha mikono yangu. Tulinawa kwa sabuni mpaka ngozi ikapauka. Macho ya mtoto yalizidi kuingia ndani, na mimi nilikuwa na wasiwasi ambao sikuthubutu kumwambia mtu.

Bwana afya alikuja, akachota maji ya kisima kwenye vichupa vitatu vyenye dawa, akaviacha dirishani kwa mtunza kisima. Siku ya pili vyote vilikuwa vyeusi kama masizi.

"Kinyesi kimeingia kwenye maji," alituambia. "Nafunga kisima mpaka tujue kinatoka wapi."

Hapo watu wakaanza kunyoosheana vidole. Lawama nyingi zilimwangukia mfuga kuku, ambaye hata banda lake liko mbali. Alijitetea mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikaendelea kukagua kucha zangu. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi sikutaka kilio kitokee nyumbani kwangu. Nikaondoka pale, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nilimkuta uani akiosha sufuria.

"Mama, ni choo chako."

"Kimefanya nini?"

"Kiko karibu mno na kisima. Lazima nikifukie, nikuchimbie kingine kule nyuma ya ukuta. Nitakuwekea miti ya kushikilia njia nzima."

Aliendelea kusugua sufuria, nikadhani hakunisikia. "Umelijua hili lini?"

"Siku ile ile. Nilikuona ukipima."

"Ukanyamaza?"

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima!" Sufuria ikamponyoka. "Heshima gani ya kuninywesha mavi yangu mwenyewe? Mimi mzee, sawa. Na mjukuu wangu je? Magoti ndiyo yanayoniuma, baba, masikio ni mazima. Ungeniambia!"

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote nilidhani mama mkwe ni mtu wa kuogopwa, kumbe alikuwa mtu wa kuambiwa tu. Nikamwomba msamaha. Hakuupokea wala hakuukataa.

"Kifukie leo," alisema. "Mimi nitajisitiri kwa jirani."

Nilikuwa nimeshageuka kwenda kuchukua koleo aliponiita tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mkwe, mtaa huu una visima vitatu. Wazee wangapi umewachimbia vyoo?"

"Kumi na mmoja."

"Na kati yao, waliopima wenyewe ni wangapi?"

Nimekuwa nikijisifu kwamba hakuna fundi anayewastahi wazee kama mimi.

"Wote, mama."