Jina la Kufanyia Mtihani

Mutie alimleta binti yake Wangui mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na tatu. Bilha alipoliona godoro la sponji limefungwa juu ya gari, alijua huyu si mgeni wa kulala siku mbili.

Mutie alikuwa mdogo wake Muthama, marehemu mumewe Bilha. Muthama alikuwa kibarua kule Kiboko. Alirudi nyumbani na homa, na juma halikuisha kabla hajazikwa. Tangu hapo Mutie ndiye aliyemvisha Mbinya, binti pekee wa Bilha, yunifomu na kumnunulia vitabu, na hakukosa hata muhula mmoja. Ukweli usemwe: alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia jambo.

"Mama Mbinya, mimi Nairobi imenishinda," alisema, chai ikiwa bado haijamfikia. "Huko mtoto anasoma kwa taa ya stima, jioni ana mwalimu wake wa tuisheni, tumehamia Buruburu kwenye nyumba ya geti, na bado mtoto anakuwa wa mia moja na kitu. Watoto ni wengi na nafasi ni zile zile. Lakini huku? Wilaya yetu ni mpya. Imepewa nafasi zake za shule za kitaifa, na wa kuzijaza hawapo. Hizi alama za Wangui, kule ni takataka. Huku atakuwa namba wani."

Bilha alimsikiliza akiwa ameshika birika. Miaka yote alikuwa akimwomba Mungu amtoe binti yake katika shule ile yenye madirisha yasiyo na vioo, ampeleke Nairobi kwa baba yake mdogo, asome kama watu. Sasa wa Nairobi ndiye aliyeletwa, na baba mtu anaizungumzia shule ile kama duka ambalo wenyeji hawajui thamani ya bidhaa zake. Wangui mwenyewe alisimama mlangoni akikwepa kuku, soksi zake nyeupe zimeshaingia vumbi. Alikuwa na miaka kumi na minne, rika la Mbinya.

Mbinya alikuwa ndani, kitandani. Homa ya matumbo ilimlaza tangu mwisho wa Aprili, na sasa ndiyo kwanza alikuwa anaweza kukaa na kunywa uji. Mwaka uliotangulia, darasa la saba, hakuna mvulana wala msichana aliyempita.

Jumatatu Bilha, Mutie na Wangui walikwenda kwa hedimasta, mwalimu Muli. Mwalimu Muli alikuwa mtu wa kutabasamu kabla hujamwambia shida yako. Alisema majina ya watahiniwa wa darasa la nane yalikwisha kupelekwa tangu Machi, na hakuna la kuongezwa. Tena huko wilayani kumetoka amri: watoto wanaoletwa kutoka mjini dakika za mwisho wafutwe. Jina la Kikikuyu kama Wangui kwenye orodha ya shule ya Wakamba kama Mbumbuni lingewagonga macho hata kama wangekuwa wamelala.

"Labda mmoja atoke, mwingine aingie," alisema, akiuangalia ukuta. "Mbinya ni mgonjwa. Amekosa miezi miwili. Akifanya mtihani sasa ataanguka bure. Kwa nini asipumzike, arudie mwakani? Jina lake mwenzake alifanyie mtihani. Mwaka ujao nami namtafutia Mbinya jina lingine."

Asije mtu akashangaa. Siku zile kurudia darasa kulikatazwa na kila mtu alirudia. Aliyerudia alipewa jina la mtoto aliyeacha shule, akaliandika kwenye karatasi ya mtihani, likamfuata mpaka kwenye kitambulisho. Kulikuwa na wanaume wazima pale sokoni walioitwa jina moja na mama zao na jina lingine na serikali. Watu walilichukulia jambo hilo kama kuazima jembe.

Bilha alisitasita. Ndipo Mutie akasema neno lililomlegeza.

"Kwani Mbinya si jina la mama yetu? Mama yangu mimi na Muthama. Mimi ndiye niliyekosea, nikampendeza mke wangu Wanjiro, mtoto nikampa jina la mama mkwe. Wanjiro alifurahi, lakini mama alikufa akinidai hilo. Wacha basi wangu naye aitwe hivyo, hata kama ni kwenye karatasi. Na Mbinya nitamsomesha mpaka mahali vitabu vinaishia. Hilo niachie mimi."

Bilha akakubali. Hakulazimishwa, na baadaye hakujidanganya kwamba alilazimishwa. Alirudi nyumbani akamweleza binti yake, ambaye alisikiliza, bakuli la uji likiwa kifuani.

"Sasa mimi nitaitwa nani?" Mbinya akauliza.

"Utaitwa Mbinya. Kwani kuna mwingine?"

Wangui alilia wiki mbili za kwanza, kila mara chooni, akidhani hasikiki. Maji ya mtoni yalimharisha, mzigo wa kuni ukamchubua mgongo, na watoto wa darasani wakamcheka kwa Kikamba chake cha kuungaunga. Lakini mtoto ni mtoto. Kufikia Septemba alikuwa anakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, akiomba kuongezwa, na anamwita Bilha mwaitu, yaani mama, kama Mbinya alivyomwita. Bilha alikuwa amejiandaa kumvumilia na badala yake akampenda. Hilo hakulipangia.

Mbinya alipopata nafuu alirudishwa darasa la saba, akae hapo mpaka mwaka uishe. Kati ya madarasa hayo mawili kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Kila asubuhi mwalimu upande wa pili aliita majina, na kila asubuhi jina lake liliitikiwa na mtu mwingine. Siku za mwanzo, kabla Wangui hajazoea, liliitwa mara mbili, mara tatu, na Mbinya akauma midomo asiitike. Alimsimulia mama yake jambo hilo akicheka. Bilha naye alicheka, kisha akatafuta kazi ya kufanya nje.

Matokeo yalipotoka, Mbinya Muthama aliongoza shule, na barua ikaja: amechukuliwa shule ya kitaifa ya wasichana. Kijiji kizima kilijua aliyefanya mtihani ni nani, na kijiji kizima kilinyamaza, maana karibu kila boma lilikuwa na jina lake la kuazima. Watu walikuja kupongeza. Mutie alichinja mbuzi. Mbinya aliwamiminia chai waliokuja kulishangilia jina lake, kikombe baada ya kikombe, na mzee mmoja mwenye macho mabovu akamshika mkono akambariki kwa kufaulu. Hakuna aliyemsahihisha mzee yule.

Mutie alinunua sanduku la bati pale sokoni, na fundi akaliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MBINYA MUTHAMA. Siku ya safari gari halikuweza kufika nyumbani kwa sababu ya matope, ikabidi sanduku lipelekwe barabarani kwa miguu. Wangui alijaribu kulibeba akashindwa, shingo haikuwa na mazoea. Mbinya alilichukua, akaliweka kichwani juu ya ngata, akatangulia. Bilha alitembea nyuma yake njia nzima akiyasoma maandishi yale. Kule barabarani wasichana wale wawili walikumbatiana na wote wakalia, na Bilha akaona ni mapenzi ya ndugu tu.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka shuleni. Barua za wanafunzi zilisomwa na walimu kabla ya kutumwa, na Wangui alijua kujihadhari. "Mwaitu mpendwa," aliandika, "huku tuna maktaba na maji ya bomba. Nawakumbuka sana. Mimi binti yako, Mbinya." Bilha alimpa Mbinya aisome kwa sauti. Mbinya aliisoma yote isipokuwa neno la mwisho.

Balaa lilianza Machi. Mwalimu Muli alikuwa amehamishwa, amepelekwa upande wa Kitui, na hakuacha nyuma jina lolote wala maelezo. Aliyekuja badala yake ni mwalimu Mbuvi wa Kasikeu, mtu mkavu, asiyekunywa hata soda ya mzazi. Alimwita Bilha ofisini.

"Mama, huyu msichana wako ana kichwa. Lakini kwenye vitabu vyangu alifanya mtihani mwaka jana na yuko fomu wani. Sasa huyu anayekaa darasa la nane ni nani?"

Bilha alimweleza yote. Yalimtoka kama matapishi. Mbuvi alisikiliza bila kuandika kitu.

"Mwalimu Muli alisema atampa jina lingine," Bilha alimalizia.

"Mimi jina la uongo siandiki. Nikianza na lako nitamaliza na ya wote." Kisha sauti yake ikalainika kidogo. "Sikiza. Orodha yangu inaenda mjini Wote, makao ya wilaya, kesho kutwa, Ijumaa. Wewe nenda kesho, ofisi ya elimu, useme ukweli. Wakilifuta lile jina la mwaka jana, Mbinya anakuwa huru, nami namwandika hata kama ni saa kumi jioni. Usipoenda, hafanyi. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Serikali inajua amefaulu. Nani ampe mtihani mwingine?"

"Na yule mwingine?"

"Yule atarudi nyumbani. Hiyo siwezi kukuficha."

Kutoka posta ya sokoni Bilha alimpigia Mutie simu kazini, akamweleza. "Mama Mbinya," Mutie alisema, "si afadhali mmoja asome kuliko wote wawili wakose? Wacha hiyo maneno. Mbinya nitamtafutia kitu huku, kushona, hata kupiga taipu." Akili hiyo hiyo iliyomtoa Nairobi na godoro juu ya gari kutafuta nafasi sasa ilikuwa inataja cherehani. Bilha alirudisha mkono wa simu mahali pake bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza kumkosea adabu shemeji yake, na hakujuta.

Alhamisi alfajiri Mbinya alifua yunifomu yake, akaianika karibu na jiko ipate kukauka. "Utawaambia, mwaitu?" aliuliza. "Nitawaambia," Bilha alisema, na alikuwa anasema kweli. Alipiga moyo konde, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaondoka.

Alifika Wote saa nne. Ofisini kulikuwa na wazazi wapatao ishirini kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake, na karani mmoja mwenye sweta ya kijani aliyechoka kabla ya siku kuanza. Bilha alikaa akiyapanga maneno yake. Mtoto wangu hakufanya mtihani. Aliyefanya ni mwingine. Maneno saba tu. Aliyarudia mpaka yakawa mepesi.

"Jina la mtoto?" karani aliuliza zamu yake ilipofika.

"Mbinya. Mbinya Muthama."

"Shule?"

Akamtajia. Karani alifungua jalada, akashusha rula ukurasa mzima, kisha rula ikasimama. Aliinua macho, na uchovu wote ukamtoka usoni.

"Wewe ndiye mama yake huyu?"

"Ni mimi."

"Wewe mwenyewe?" Alisimama, akazunguka meza, akamshika Bilha mkono kwa mikono yake miwili. "Wazazi! Mnamwona huyu mama? Mnalalamika hapa kila siku, oh vijijini hakuna walimu, oh tupeleke watoto Nairobi. Mtoto wa huyu ametoka shule ya udongo kule Mbumbuni, anasoma shule ya kitaifa! Mama, baba yake anafanya kazi wapi?"

"Alikufa," Bilha alisema.

"Alikufa! Mmesikia? Mjane!"

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mama mmoja pale nyuma alipiga vigelegele, vile vitano vya kuzaliwa mtoto wa kiume, na hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamwangalia Bilha kwa macho ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwangalia nayo, si siku ya arusi yake, si siku yoyote.

"Haya mama, sema," karani alisema, bado ameushika mkono wake. "Una shida gani? Wewe leo hutoki hapa bila kusaidiwa."

Bilha alifungua mdomo. Baadaye angeweza kujisingizia mengi: kwamba alimfikiria Wangui akifukuzwa na sanduku lake, kwamba aliufikiria wema wa Mutie wa miaka yote ile. Hakuwafikiria. Alichofikiria ni kwamba makofi yale yalikuwa matamu, na kwamba akisema yale maneno saba yatakoma, na watu hawa ishirini watamtazama kama mwizi. Alijichukia hapo hapo, huku akitabasamu.

"Sina shida," alisema. "Nilipita tu kushukuru."

Akashangiliwa tena mpaka mlangoni.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mbinya alikuwa amesimama langoni, amevaa yunifomu, nywele amezichana, kitabu cha hesabu kiko kwapani ili akimbie moja kwa moja kwa mwalimu Mbuvi kabla ofisi haijafungwa. Alimtazama mama yake akija tangu mbali, na kadiri Bilha alivyokaribia ndivyo alivyopunguza mwendo.

"Wamesema nini, mwaitu?"

Bilha alikifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunja tena.

"Wamesema umefaulu."