Ukimbizi Wao

Kamati ilitaka kuchukua ekari nane za Fanueli kwa sababu marehemu baba yake aliacha kuwa mkimbizi.

Hakuna aliyesema baba aliiba. Hakuna aliyesema alidanganya. Mzee Nsajigwa alivuka mto Songwe kutoka Malawi mwaka 1973, mkewe mbele na yeye nyuma, godoro kichwani. Alipofika Nanyala serikali ikampa shamba kwa barua yenye mhuri. Mwaka 1982 akala kiapo, akawa Mtanzania. Hapo ndipo alipokosea, kwa hesabu za Kamati ya Mapitio ya Mashamba ya Wakimbizi. Shamba alipewa mkimbizi, mkimbizi hayupo tena, basi shamba lirudi. Kwa miaka arobaini na kitu hoja hiyo haikumjia mtu kichwani. Ilikuja mwaka ambao tajiri mmoja wa Tunduma aligundua kwamba kahawa ya shamba hilo, iliyopakana na barabara kuu, ingepisha vizuri maegesho ya malori.

Kanuni za Kamati zilikuwa na mipaka, na Fanueli alizisoma zote akiwa amekaa juu ya gunia la mbolea. Mgao wa zamani ungeweza kufunguliwa mara moja tu. Kamati ikishindwa mara hiyo, mgao unafungwa moja kwa moja na hakuna afisa wa kuugusa tena. Na kabla ya kuufungua, aliyepewa shamba lazima aitwe kwa jina, mara tatu, kwa sauti, hapohapo shambani.

Aliyetumwa kuita alikuwa afisa aitwaye Masudi, mtu wa Tanga, mpole, mwenye viatu vilivyochongoka ambavyo vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kuvidharau.

"Ndugu Fanueli, pokea tu huu wito, tusichoshane."

"Umeandikwa kwa nani?"

"Kwa Mkimbizi Nsajigwa."

"Mimi ni Fanueli. Na si mkimbizi. Muite mwenyewe."

"Lakini amefariki!"

"Mimi nimeandika kanuni? Mara tatu, kwa sauti. Mimi ndiye shahidi, nitahesabu."

Masudi akatazama kulia na kushoto. Kando ya barabara malori yalikuwa yameegeshwa, madereva wakisubiri foleni ya mpakani ipungue. Akakohoa.

"Mkimbizi Nsajigwa!"

"Mukwai?" akaitika dereva mmoja wa Zambia, akiinua kichwa kutoka chini ya lori lake.

"Hiyo moja," alisema Fanueli. "Ongeza sauti, alikuwa mzito wa masikio."

"Mkimbizi Nsajigwa!"

"Kakimbilia wapi, bosi?" aliuliza kijana wa bodaboda. "Panda tumfukuzie, buku mbili tu!"

Madereva wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Masudi alitaka kuondoka, lakini Fanueli akamshika mkono kwa heshima, kama mtu anayemsindikiza mkwe, akampitisha katikati ya mibuni hadi kwenye kaburi la saruji. Mzee alikuwa ameusia maneno yake mwenyewe, na fundi aliyaandika saruji ikiwa mbichi: NSAJIGWA, RAIA. Chini yake, namba ya cheti cha uraia, yote.

"Ya tatu mwitie hapa," alisema Fanueli. "Lakini soma kwanza. Ukimwita mkimbizi akiwa amelala, akiamka tusilaumiane."

Masudi akaita kwa kunong'ona. Kisha akaandika kwenye fomu yake: *Aliitwa. Hakuitika.*

Fanueli alilala usingizi mtamu siku ile. Alijiona mjanja. Mama yake, Bibi Tukuswiga, mwenye miaka themanini na miwili, alimtazama akila ugali kwa mikono miwili na kumwambia, "Umemchezea mtumishi wa watu. Shamba bado hujaliokoa."

Mama alisema kweli. Kwenye baraza la ardhi kule Vwawa, lililopaswa kuamua, mwenyekiti alikuwa Mama Fortunata, na hakuwa mtu wa kuchekeshwa. Fanueli alieleza habari za kaburi, watu wakacheka, mwenyekiti akangoja wamalize.

"Maneno yako matamu, Fanueli, ila hayajibu swali. Marehemu haitiki, hilo tunalijua wote, na wito umeshapita. Swali ni moja. Ukimbizi wa baba yako uliisha au haukuisha?"

Fanueli akamtazama Masudi, akatazama dari. Nikisema haukuisha, aliwaza, namba ya uraia iko kwenye saruji na huyu ameiona.

"Uliisha, Mheshimiwa."

"Basi Kamati ina haki ya kufungua."

Fanueli akarudi kukaa kwenye benchi. Aliona mibuni ikilala chini, changarawe ikimwagwa, na kaburi la baba yake likiwa katikati ya matairi.

Sauti ya mama yake ikatoka benchi la nyuma.

"Mwanangu wa Tanga, hebu isome tena hiyo barua ya shamba. Mwisho wake."

Masudi akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Masudi akasoma: "'Shamba hili amepewa Nsajigwa na mkewe Tukuswiga, kwa muda wote wa ukimbizi wao.'"

"Wake au wao?"

"Wao, Bibi."

"Wao ni wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja yuko kaburini na uraia wake, ulimtembelea. Wa pili ulimpita mlangoni kwake anachambua maharage, hata shikamoo hukumpa. Mkimbizi unayemtafuta ni mimi."

Fanueli alikuwa ameishi miaka arobaini na mmoja na mama huyu, na hilo hakulijua.

"Siku ya kiapo nilibaki kulinda mahindi," Bibi aliendelea. "Nguruwe pori walituonea sana mwaka ule. Nikamwambia mzee, tangulia, mimi nitaapa wiki ijayo. Basi, wiki ijayo ikawa na nguruwe wake."

"Bibi, wewe una kitambulisho cha taifa!" Masudi alisimama. "Umepiga kura!"

"Walikuja wenyewe na mashine, wakasema kaa hapa, tabasamu. Ningewakatalia wageni picha? Na kura, usihofu. Sijawahi kumchagua mtu akashinda."

Fanueli akamsogelea, akamnong'oneza. "Mama, nyamaza. Watakunyang'anya kadi."

"Kadi inaota kahawa?"

Mama Fortunata aliisoma barua mwenyewe, mara mbili, kidole kikifuata mstari. Kisha akasema kwamba serikali ilitoa kwa mkono wake, ikaandika kwa mkono wake, na haiwezi kuja leo kulifanya *wao* liwe *wake* kwa sababu barabara imepanda bei. Ukimbizi wao ulikuwa haujaisha. Kamati ilikuwa na nafasi moja ya kufungua, imeitumia, imeshindwa. Mgao umefungwa, uwe kwa Bibi au kwa warithi wake. Akamgeukia Bibi Tukuswiga, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

"Lakini wewe, mama yangu, ulichosema nimekiandika. Siwezi kukifuta."

"Usifute," alisema Bibi. "Nimekisema nikiwa na akili zangu."

Gharama za ushindi huo zilikuwa hizi. Mibuni kumi na mmoja, iliyokatwa na wapimaji wa Kamati kupitisha kamba yao. Safari nne za Vwawa wakati kahawa inaiva, na madebe saba yaliyoanguka chini bila mchumaji. Kadi moja ya mpiga kura na kitambulisho kimoja cha taifa, vilivyokabidhiwa juu ya meza. Maombi mawili ya uraia, yote yamerudi, kwa kuwa mashine ya alama za vidole haioni kitu kwenye vidole vya Bibi. Jembe limefuta mistari. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Bibi Tukuswiga hupanda bodaboda kwenda ofisi ya uhamiaji kusaini daftari la wageni. Mpaka sasa amesaini mara kumi na tisa.