Kamera Mbili, Shati Moja

Mwalimu Anatole alikuwa mtu mgumu wa kununua. Tangu saa tatu asubuhi ya Jumatatu alikalia kiti cha wateja katika studio ya Husna, pale juu ya ngazi tano zinazotazama soko la Baraka, akizigeuzageuza kamera mbili kama mtu anayechagua nyanya. Walimu wenzake walimtuma atafute kamera moja ya shule. Na wewe mjaribu mwalimu, umwambie kitu bila kukithibitisha, uone kama utaondoka mapema.

"Dada Husna, nieleze tena," alisema. "Hii ndogo iko na pikseli milioni kumi na sita. Hii kubwa iko na milioni kumi na mbili tu. Sasa juu ya nini unasema kubwa njo inashinda?"

"Hesabu si foto, mwalimu. Hizo milioni zote za ndogo zimebanwa kwenye kipande cha kunasia mwanga, kidogo kama ukucha. Ni kama boti. Ukipakia batu kumi na sita mahali pa sita, ndiyo, wako wengi, lakini hakuna anayepumua."

Neno boti lilimtoka Husna kabla hajalizuia. Miaka minne sasa, na ulimi wake ulikuwa bado unamponza.

Kamera ndogo ilikuwa ya mumewe, Kassimu. Asubuhi moja Kassimu alipanda boti la kwenda Uvira kununua karatasi za kuchapia picha. Boti lilijaa watu na magunia, dhoruba ikalikuta likiwa limeshapita Mboko, likazama. Wengine waliokolewa, wengine waliletwa wamefunikwa mikeka, wakasaliwa na kuzikwa. Kassimu hakuletwa. Hakuonekana yeye, wala mkoba wake, wala hata kiatu. Mama yake, Bibi Riziki, akasema maneno ambayo hakuyabadilisha tena: "Mutoto wangu hajakufa. Mufu anaonekana." Tangu siku hiyo, kila ugali ulipoivishwa alasiri, alipakua sahani ya Kassimu akaifunika na kuiweka kando ya mlango.

Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamechoka. Walisema miaka minne imetosha: Ijumaa hii Kassimu asomewe hitma, na Husna akae eda kama wajane wote, maisha yaendelee. Bibi Riziki aliendelea kuifunika sahani yake. Husna naye alikubali kwa kichwa, na usiku wake wa kufikiria aliumaliza kwa kuishusha kamera ndogo kutoka rafuni ili aiuze. Kitu cha mtu aliyepotea kisikae kinakutazama kila siku, alijisemea. Lakini tazama jinsi alivyo mkweli wa kipumbavu: anataka kuiuza ndogo, huku anaisifia kubwa!

"Maneno yote ni bure," Anatole akasema. "Piga foto moja na ndogo, moja na kubwa, mahali pamoja, mi nione kwa macho yangu."

Husna akatoka hadi ngazi ya juu. Ilikuwa siku kubwa ya soko, jua limesimama utosini. Akapiga na kamera ndogo: wauza unga wa muhogo, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwa, watu wamejaa. Akaibadili, akapiga na kubwa. Kati ya picha hizo mbili hapakupita hata dakika moja.

Ndani, akazipanga pembeni kwa pembeni kwenye kompyuta. Tofauti ilionekana hata kwa kipofu. Katika picha ya kubwa ungeweza kuhesabu ndagala kwenye beseni. Ya ndogo ilikuwa imefifia, vivuli vimekuwa matope, na ukiivuta karibu nyuso za watu zinageuka punjepunje kama unga uliomwagikiwa maji.

"Eeeh," Anatole akakubali. "Hii ya ndogo, huyu muntu wa hapa hata mama yake hamujui."

Akagusa kioo kwa kidole. Husna akatazama pale alipogusa.

Nyuma ya wauza unga alisimama mwanamume aliyevaa shati la kitenge, la buluu, lenye ndege wa njano. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Kassimu alisimama hivyo. Shati lile Kassimu alilivaa siku aliyoondoka. Husna akaruka kwenye picha ya kubwa: mahali pale pale palikuwa na mchukuzi amebeba gunia, amemziba mtu yule mzima, umebaki ukingo wa buluu tu begani.

Hakuaga. Alishuka ngazi zote tano kwa mruko mmoja, akapita katikati ya mabeseni, akatukanwa na wauza unga, akafika. Hapakuwa na mtu.

"Dada, iko nini?" Anatole alimuuliza aliporudi anahema.

"Hakuna. Kamera siuzi leo."

"Ipi?"

"Zote mbili, mwalimu. Rudi Jumamosi."

Kuanzia hapo Husna hakuwa na raha tena. Kitenge kama kile kimejaa soko zima, alijiambia, na watu wanaoinamisha kichwa ni wengi. Lakini moyo haushiki mawaidha. Aliifungua picha ile asubuhi, akaifungua mchana, akaivuta na kuivuta. Akiiangalia kwa mbali, alikuwa Kassimu, hata ndevu zake. Akiivuta karibu, Kassimu alivunjika vipande vipande vya mraba, kijivu na kahawia, wala hapakuwa na jicho wala mdomo. Akirudi nyuma, yupo tena. Jumanne aliona anatabasamu. Jumatano aliona amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu Husna alijua sababu ya hasira ile.

Asubuhi ya safari waligombana. Mfuko wa shati lile ulikuwa umechanika, na Kassimu akamwomba amshonee upesi. Nyumbani palikuwa na uzi mwekundu tu. Husna alikuwa na mambo yake, akashona kwa haraka, mishono mirefu, mibaya. Kassimu akaangalia, akasema, "Unanifanya kichekesho cha Uvira nzima." Husna akamjibu, "Basi usirudi nalo." Maneno hayo ndiyo ya mwisho aliyomwambia mumewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye kwa miaka minne alikuwa anayazoa kwa viganja.

Sasa je, kama Kassimu yu hai, anatembea Baraka mchana kweupe na haji nyumbani, si kwa sababu aliambiwa asirudi?

Jumatano alasiri alimkuta Bibi Riziki barazani, anaifunika sahani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili ya bibi. Watu aliwaona kama rangi tu zinazopita.

"Mutoto wangu, leo unatembea kama mwizi," bibi alisema. "Nini iko?"

Picha ilikuwa ndani ya simu, mfukoni mwa Husna. Angesema neno moja tu, hitma ingekufa pale pale, na bibi angepakua sahani mpaka siku atakayofukiwa mwenyewe. Akinyamaza, halafu iwe kweli ni Kassimu, basi Ijumaa atakuwa amekaa kimya mumewe anazikwa hai.

"Ni joto tu, mama," Husna akasema. Alijichukia kwa uongo huo.

Alhamisi ilikuwa tena siku ya soko. Husna alifunga mlango wa studio kwa wateja, akasimama ngazi ya juu na kamera kubwa shingoni. Ile ndogo aliiacha mezani. Aliiogopa, na pia, tuseme ukweli, aliipenda mno: ndiyo iliyompa Kassimu. Kubwa ingeweza kumnyang'anya. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta.

Karibu na saa sita, ndege wa njano wakatokea nyuma ya wauza unga.

Husna akainua kamera. Akabana viwiko kwenye mbavu kama Kassimu alivyomfundisha, akabonyeza mara tatu. Angeweza kukimbia pale pale. Hakukimbia. Alitaka kujua kwanza, kabla moyo wake haujamchagulia tena. Akaifungua picha kwenye kioo kidogo cha nyuma, akaivuta karibu.

Picha haikuvunjika. Ilizidi kuja. Ukaja uso wa mzee, mashavu yameingia, ndevu nyeupe, kovu juu ya nyusi. Macho ya mtu mwingine kabisa. Husna alisikia kitu kinamtoka kifuani, na kwa muda mfupi alimchukia mzee yule kwa kuwa si Kassimu. Kisha akaishusha picha hadi kifuani mwa shati, kwenye mfuko.

Uzi mwekundu. Mishono saba mirefu, mibaya, mmoja umepinda.

Safari hii alishuka ngazi moja moja. Alimfikia mzee akamkamata kola kwa mikono miwili.

"Shati hii umeitoa wapi? Sema! Umeitoa wapi?"

"Mwizi?" mmoja wa wauza unga akauliza, na watu wakaanza kujaa. Lakini mzee hakujitetea, wala hakuiondoa mikono ya Husna. Alimtazama, machozi yakaanza kumtiririka kwenye ndevu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe njo wewe. Miaka mine nangoja muntu anikamate."

Jina lake lilikuwa Shukuru, wa Swima. Pale kijijini ndiye aliyeosha maiti za wanaume. Alimweleza Husna wakiwa wamekaa kwenye ngazi, huku wauza unga wamesimama kimya wanasikiliza, maana macho hayana pazia na masikio ndiyo kabisa.

"Ziwa ilitupatia muntu," mzee alisema. "Siku sita alikaa ndani ya maji. Uso haikuwa uso tena, mama, unisamehe. Karatasi hana, simu hana. Tulituma habari kila mahali, batu wa boti walikuwa wa kila mahali, hakuna aliyekuja. Nikamuosha, nikamuvika sanda, tukamusalia. Lakini kijiji yetu haikuwa na apareyi ya foto hata moja. Nikasema, kama simuchukue foto, shati njo itakuwa foto yake."

"Ukaivaa."

"Nikaivaa. Siku za soko tu. Mwaka wa kwanza nilizunguka Mboko. Kisha Uvira. Huku Baraka njia ilifungwa na vita, kila nikijaribu kuja narudishwa. Bibi yangu wa ndoa hataki hata kulala karibu na hii shati. Lakini nilimuambia: mwenye aliishona hii mufuko ataijua. Hakuna fundi anashona hivi."

Husna akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio palepale. Alilia kwa sauti kubwa mbele ya soko zima, kilio alichokiweka tangu siku boti lilipozama, na hakuona aibu. Hakufukuzwa na mtu, Kassimu. Alikuwa Swima, chini ya mchanga, ameelekezwa kibla, siku zote hizo.

Alipotulia akamwambia mzee, "Baba, twende kwetu. Kuna muntu lazima akusikie."

Aliingia uani akiwa ametangulia, anatafuta maneno ya kuanzia. Hakuyapata kwa wakati. Bibi Riziki alikuwa barazani, na sahani ilikuwa tayari imefunikwa kando ya mlango. Aligeuza uso kwenye mlio wa nyayo. Kwa macho yake yale hakuona ndevu nyeupe wala kovu. Aliona buluu, aliona njano.

"Kassimu," bibi alisema, na akaanza kuinuka huku ameshikilia ukuta. "Kassimu wangu. Nilibaambia! Nilibaambia wote!"

Husna alisimama pale pale. Aliijua picha ile aliyokuwa anaiona bibi. Yeye mwenyewe alikuwa amelala nayo siku tatu.

Mzee Shukuru ndiye aliyesogea. Alipiga magoti mbele ya bibi, akauchukua mkono wake, akauweka juu ya mfuko wa shati.

"Mama, mi siko Kassimu. Mi njo nilimuosha."

Vidole vya bibi vikatembea juu ya mishono, mmoja, wa pili, mpaka wa saba. Viliufikia ule uliopinda, vikabaki hapo.

"Wewe muntu," bibi akasema mwishowe. "Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana, mama. Niliyapasha."

"Na kichwa? Alikuwa hapendi maji kuingia masikioni."

"Niliyaziba na pamba."

Bibi Riziki akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Kisha akauondoa mkono kwenye mfuko, akapapasa kando ya mlango mpaka akaipata sahani, akaifunua, akaisukuma mbele ya mzee.

"Keti, baba," alisema. "Kula. Yake imeanza kupoa."