Chombo Kisirudi Kitupu

Domnika alishika kikasha, Fima akamimina supu, na kila kifuniko kilipogoma kukaa Domnika alikipiga ngumi na kukilaani kwa Kimoldova. Jikoni mwa nyumba ya hisani ya Wayahudi wa mji wa Bălți mlikuwa na joto la vitunguu na ugali wa njano. Nje, theluji ilikuwa imegeuka tope. Vikasha vya plastiki vilipangwa mezani kama matofali, vikingoja kupelekwa kwa wazee wasioweza tena kushuka ngazi.

"Cha Bi Genya usikijaze," Domnika alisema. "Kitarudi tu."

"Kijaze."

"Kaka Fima, juzi kimerudi, jana kimerudi. Nikampa paka wa uani. Sasa paka mwenyewe ananikimbia."

"Kijaze, na nyama uweke."

Domnika aliweka nyama, akaguna. Fima alisimama na upawa mkononi, akakitazama kile kikasha kwa muda. Kilikuwa chepesi, kisafi, hakina kosa lolote.

Genya Vaisman aliishi peke yake ghorofa ya nne, nyuma ya kituo cha mabasi. Umri wake ulikaribia miaka tisini. Fima alianza kumpelekea chakula mwaka ule kiwanda cha mashine kilipofungwa na yeye kukosa pa kupeleka mikono yake. Siku hizo kila mzee alikuwa na chombo chake: vibakuli vitatu vya bati vinavyopandana, vimebanwa na mshikio mmoja. Fima alikwenda na kilichojaa na kurudi na kitupu cha jana, isipokuwa cha Genya, ambacho hakikurudi kitupu hata siku moja. Kibakuli cha chini kilikuwa na kokwa za mti wa jozi, au tofaa lililokaushwa, au kipande cha mkate mtamu kimefungwa kwa kitambaa.

"Si zako hizo, usimeze mate," alikuwa akimwambia. "Ni za meza."

Meza ni ile ndefu ya ukumbini, wanapokula wanaoweza kutembea, pamoja na yeyote aliyeingia kutoka mtaani, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Fima alizimwaga kokwa hapo katikati, na zilikwisha kabla hajavua koti. Kwa Wayahudi ni sheria, na sheria ya kale: hata anayeishi kwa sadaka hana budi kutoa sadaka. Fima hakuwahi kumsikia Genya akiitaja. Aliivaa tu, kama mtu anavyovaa koti lake la kila siku.

Kisha vikaja vikasha. Inessa, mkuu wa nyumba, hakuvileta kwa ubaya. Gesi ilikuwa imepanda bei, na alikuwa ameona kwa macho yake wanawake wazee wakiosha bakuli kwa maji ya barafu, vidole vimepasuka. "Wale, watupe, wapumzike," alisema, na wengi walimshukuru. Genya alikipokea cha kwanza mlangoni, akakigeuzageuza.

"Hiki kinarudi?"

"Hakirudi, shangazi. Unatupa."

Kesho yake hakufungua mlango. Wala siku iliyofuata.

Fima aliweka upawa chini, akaenda ofisini. Inessa alikuwa amevaa koti mezani, maana humo hamkuwashwa moto.

"Naomba nimpelekee Bi Genya chombo cha zamani."

"Fima, nikimruhusu mmoja, kesho watataka wote."

"Wakitaka wote, kuna nini?"

"Kuna bwana afya. Na kuna mikono yao. Wewe huioni? Mimi nataka wapumzike."

"Wako wanaopumzika mpaka wakafa, Inessa."

Inessa aliiweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na Fima aliona kwamba amesikia. Hata hivyo alitikisa kichwa. "Hapana. Tafuta njia nyingine ya kumbembeleza."

Fima alirudi jikoni. Alipiga magoti chini ya sinki, akasukuma ndoo na matambara, akatoa vile vibakuli vya bati vya buluu vyenye mshikio uliobanduka rangi. Akaviosha polepole, akavifuta, akamimina supu na nyama ya kwenye kikasha ndani ya bati, akaongeza ugali na mkate. Alipoinuka, Inessa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nitakuandikia onyo."

"Andika," Fima alisema kwa upole. "Na wino ukolee, nipate kulisoma hata umeme ukikatika."

Domnika akageukia jiko, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ghorofa ya nne, Fima alibisha. Akabisha tena, akasikia soksi zikiburuzwa sakafuni.

"Nani?"

"Fima."

"Fima wa plastiki?"

Fima alitoa funguo mfukoni, akaligonga bati mara kadhaa ili Genya asikie mlio wake. Mlango ukafunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Jicho moja la kijivu likamtazama, kisha likashuka kwenye chombo. Genya alikuwa amejifunga shali juu ya koti, na uso wake ulikuwa umepungua tangu wiki iliyopita. Fima akatabasamu, akadhani kazi imekwisha.

"Rudi nacho," Genya alisema.

"Kwa nini tena, shangazi? Si bati hili? Nimegombana kwa ajili yake!"

"Vizuri umegombana, damu imechemka. Lakini kitarudi na nini? Kokwa zimekwisha tangu sikukuu ya Hanuka. Unga sina. Nikipokea leo, kesho nikupe hewa upeleke mezani?"

Hapo Fima akaelewa. Kikasha kilikuwa kimemfungia njia, ni kweli, lakini kilikuwa pia kimempa kisingizio, kwa maana kabati lake lilikuwa tupu na hakutaka mtu ajue.

"Hakuna anayekudai kitu."

"Ndilo linaloniudhi! Hata mgeni, siku ya tatu hupewa jembe. Nyinyi mmenilisha miaka na miaka. Jembe langu liko wapi? Au mmeshaona kwamba mimi ni wa kungoja jeneza tu?"

"Shangazi, kula kwanza, tugombane ukiwa na nguvu."

"Nguvu ya kukufungia mlango ninayo."

Lakini hakuufunga. Fima aliketi kwenye ngazi, chombo magotini.

"Basi nami sili wala siondoki."

"Kaa. Kwa tumbo hilo utafika Pasaka bila shida."

Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, mnyororo katikati. Mvuke ulipenya kwenye vifuniko ukapanda kuelekea mlangoni, na Fima aliuona mkono wa Genya ukikaza shali. Fima akaanza kulalamika kama mtu alalamikavyo kwa jamaa: mgongo unamuuma, tangu alfajiri yuko kwa miguu. Wamekuja watu waliokimbia vita vya Ukraine, kutoka Mykolaiv, wamevuka mpaka na mifuko miwili, mama na watoto na bibi yao, wamelala ukumbini juu ya mabenchi, naye ndiye aliyesogeza mabenchi.

"Wamelalia nini vichwani?"

"Viatu."

"Viatu?"

"Wameviringisha viatu ndani ya sweta. Mablanketi tuliletewa. Mito hakuna aliyeikumbuka."

"Bibi yao pia?"

"Naye pia."

Mlango ukafungwa. Fima akainamisha kichwa. Kisha mnyororo ukalia, mlango ukafunguka wote.

"Ingia. Vua buti. Weka supu kule. Si kule, kule! Panda wewe juu ya kiti, mimi nisije nikakufia."

Juu ya kabati kulikuwa na godoro la kujifunikia la manyoya ya bata bukini, limekunjwa ndani ya shuka, zito kama mtu aliyelala. Fima alilishusha, vumbi likamwingia puani.

"La Naum," Genya alisema. Naum alikuwa mumewe. "Mama yake aliyachambua manyoya haya kwa mkono, moja moja. Lete mkasi."

"Shangazi, hapana. Nyumba hii ni barafu. Utajifunika nini?"

"Langu liko kitandani. Hili ni la Naum, na huko aliko hasikii baridi."

"Inessa atasema nimekuibia."

"Mwambie Inessa nilikuibia wewe. Kata huo mshono. Kidogo! Ukifungua sana tutaogelea."

Alikuwa mshoni wa kofia maisha yake yote, na mikono ilikumbuka. Kutoka droo alitoa kitambaa kizito alichokuwa amekiweka kwa miaka, akakikata, akakisugua upande wa ndani kwa kipande cha sabuni kavu ili manyoya yasipenye. Alishona mfuko, akauacha mdomo wazi, akaushikiza mdomo huo kwenye tundu la godoro kwa mishono mirefu. Kisha akamwamuru Fima asukume manyoya kutoka upande mmoja kwenda wa pili, bila kupumua kwa nguvu. Hata hivyo mengine yalitoroka. Yalimkaa Fima kwenye masharubu, na Genya akamcheka mpaka akashika meza.

Fima akasogeza vibakuli vya bati karibu naye.

"Supu," alisema.

"Kwanza nifunge mdomo wa mto."

"Fungua wa kwako kwanza. Mkono ukitetemeka utashona kidole changu."

Genya aliutazama mto, akaitazama supu. Aliinua sindano, akaupitisha uzi polepole pande zote, akakaza fundo, akaukata kwa meno. Mto mmoja, mnene, umekaa mezani. Ndipo akavuta kiti, akafungua vibakuli vya bati, akaanza kula. Alikula bila haraka na bila kusitasita, ugali na nyama na supu yote, akachovya mkate akalisafisha bati. Fima aligeukia dirishani, akajifanya anatazama mabasi.

Giza lilipoingia umeme, uliokatika walipokuwa wakishona, ulikuwa bado haujarudi. Mto wa pili ulikuwa umeshonwa pande tatu, sindano imechomekwa ndani yake, na godoro la Naum lilikuwa limelegea robo tu.

"Macho yamekataa," Genya alisema. "Kesho Ijumaa, uje mapema, Sabato ikiingia jioni haimngojei mshoni. Ulete uzi mweupe, mnene."

"Na chakula."

"Na chakula, ndiyo, wewe nawe! Ndani ya bati."

"Shangazi, naweza kukuta nimefukuzwa kazi."

"Basi utakuwa na nafasi. Mito ni mingi."

Alimfungia ule mto kwa kamba juu ya vibakuli, akavuta fundo mara mbili. Fima alikuwa amefika ghorofa ya pili, akiwaza atakavyomwambia Inessa, mlango wa juu ulipofunguliwa tena.

"Na sabuni!" Sauti ilishuka ngazi zote. "Ya kufulia, Fima! Usiniletee ya kunukia!"