Handaki la Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, ukiambiwa umchimbie mama mkwe wako shimo la kujikinga na risasi, na humo humo uingie wewe pia, utalichimbaje? Usicheke. Mkwe wangu Cephas alipata kazi hiyo, na akaifanya kwa jembe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilitoka kwangu Rangwe, upande wa Homa Bay, nikapita Rongo na Awendo mpaka Migori, kisha nikaenda kwa miguu kuelekea mpakani, na kuku kwapani na unga wa wimbi kichwani. Risper binti yangu alikuwa amejifungua msichana, Metrine. Kila mtu alijua nimekuja kumwona mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuja kumchukua Risper na mtoto wake niwapeleke Rangwe. Huko mpakani wezi wa ng'ombe walikuwa wameanza kuja na bunduki. Njiani nilipita boma ambalo milango ilikuwa imeng'olewa, na sufuria bado iko juu ya mafiga, ugali umeota ukungu.

Sasa neno kama hilo unamwambiaje mkwe? Kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana mpaka wanakwepana njiani. Silali katika boma lake. Siketi naye chumba kimoja. Kumwambia usoni kwamba kwake hakumfai binti yangu ni kumtemea mate mlangoni. Risper nilimwambia siku ile ile nilipofika, akainamisha kichwa akasema yeye hawezi kulitamka, mumewe atadhani ameniita. Basi nikalala kwa majirani, Magige na mkewe Nyarangi, Wakuria wapole, Wasabato kama mimi, na Magige akawa mdomo wangu.

Cephas alikuwa koplo jeshini, katika kikosi cha wahandisi, wale wa kuchimba na kujenga. Alikuwa amevaa kofia ya buluu ya walinda amani huko Yugoslavia. Alirudi bila bunduki. Nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu, amekwisha kuondoa majani ya juu pamoja na mizizi yake na kuyapanga kivulini kama mikeka. Nyarangi aliniambia hayo yatarudishwa juu mwisho, ili shimo lisionekane.

Mimi napenda kutazama mtu anayejua kazi yake, nikatazama kupitia ua. Udongo aliutupa mbele, upande wa njia ya kuja adui, lakini hakuuweka ukingoni; aliacha nafasi ya hatua moja usije ukaporomoka ndani. Magunia ya sukari aliyonunua Awendo aliyajaza robo tatu tu. Gunia lililojaa pomoni hukaa kama chungu, linabiringika. Lenye nafasi hulala, na ukilipiga kwa ubao linashikana na mwenzake. Mdomo aliukunja chini ya tumbo la gunia. Safu moja aliilaza kwa urefu, safu ya juu akaipinda kwa upana, viungo visikutane, kama anavyofanya fundi wa matofali. Upande wa zizi alisimamisha vizimba vya waya wa kuku, akavitandika magunia ndani na kuvijaza murram, udongo mwekundu wenye changarawe. Huko ng'ambo, alimwambia Magige, waliweka vizimba kama hivyo, vikubwa, na lori likivigonga ni lori linaloumia. Mbele, ndani ya majani marefu, akapitisha seng'enge usawa wa goti na kuning'iniza makopo yenye kokoto.

Watu hawakupenda. Kwa Kijaluo shimo ni *bur*, na kaburi pia watu huliita hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wakipita nyuma ya nyumba kwenda mtoni wakaanza kuzunguka mbali. Mzee mmoja alikataa kumwazima sururu yake, akasema shimo likikaa wazi ndani ya boma litaita mtu wa kulijaza.

Nikamtuma Magige. Nikasema, mwambie huku si mahali pa mtoto. Jioni nikamwona Cephas akichonga kishubaka ukutani mwa handaki, akikitandika nyasi kavu, akikipima kwa mkono kama anayepima mtoto. Nikamtuma tena. Mwambie Rangwe kuna nafasi. Kesho yake akalipanua shimo.

Nilimwita Magige nikamuuliza kama mdomo wangu umeoza.

"Mama," akasema, "neno la kwenda kwa mkwe halibebwi likiwa moto. Nalipoza kidogo njiani, nikamwambia tu unataka mtoto awe salama na nafasi iwe kubwa."

"Umelipoza mpaka limekuwa jembe."

Nyarangi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu asubuhi hiyo vijana wawili wenye baiskeli, wasiojulikana, walikuwa wamesimama kwenye ua wa Cephas wakiuliza bei ya fahali wake wa kahawia. Walipoambiwa hauzwi, hawakubembeleza. Walitazama zizi, wakatazama njia, wakaondoka. Keshoye mbwa wa Magige alikutwa amekufa, na povu mdomoni.

Cephas akafanya kazi kwa haraka zaidi. Alikata mikaratusi, akailaza juu ya shimo, ncha zake zikikaa mbali na ukingo, maana ukingo ukibeba uzito hubomoka, na dari inakuwa kaburi kweli. Juu akaweka mabati, juu ya mabati karatasi ya nailoni, kisha udongo wa kina cha mkono mzima. Sakafu akaiinamisha ili maji yakimbilie kishimo cha pembeni. Lakini katikati handaki hilo alikuwa amelipinda, kona kali kama kiwiko, na hapo kwenye kona akapandisha ukuta wa magunia mpaka karibu na dari.

Alimweleza Magige kwa sauti, mgongo wake ukiwa upande wangu, nami nikijifanya napeta wimbi. Handaki la jeshi halichimbwi likanyooka, alisema. Bomu likianguka upande huu, kona inazuia lisiue walio upande ule. Na kona hiyo hiyo inazuia macho. Mama atakaa kule na Risper na mtoto, akasema, mimi nitakaa huku, na chira, laana ya kuvunja mwiko, haitatupata.

Kila nilichosema ili nimwondolee mke, yeye alikipokea kama agizo la kunitunza.

Magige alikuwa ameona mbwa wake. Akahama na ng'ombe na mkewe kwenda kwa ndugu zake upande wa Kehancha, akaniachia ufunguo wa nyumba na kuniomba msamaha. Nikabaki bila mdomo. Niliendelea kukaa, nikimwogesha Metrine, nikitafuta mtu mwingine wa kunibebea neno, na watu walizidi kupungua njiani.

Walikuja mchana, mvua ikinyesha, saa ambayo kila mtu yuko chini ya paa. Makopo yalilia. Risper, niliyekuwa naye jikoni, alinishika mkono, mtoto akiwa kifuani, tukateremka upande wetu na kuvuta gunia mlangoni. Nilimsikia Cephas akiingia upande wake na kuburuta gunia la kuziba mlango.

Risasi ikilipiga gunia la udongo haina kelele nyingi. Inasema *pu*, kama mtu anayepiga godoro. Zilisema hivyo mara nyingi. Udongo mwembamba ulitudondokea shingoni. Ng'ombe walilia, kisha mlio wao ukaanza kwenda mbali, kuelekea mpakani. Lakini si wezi wote waliondoka nao. Juu ya vichwa vyetu, kwenye majani yale yaliyorudishwa vizuri, mtu alitembea polepole. Akasimama. Risper alimpa mtoto titi asilie. Yule mtu alikohoa, akasema neno nisilolielewa, na mwingine akamjibu kutoka kwenye jiko la Risper, ambako sahani zilikuwa zikivunjwa. Harufu ya moshi ikatufikia. Kisha hatua zikatoweka.

Hatukusogea. Maji yalikuwa yakikimbilia kishimoni kama alivyoyapangia.

Upande wa pili wa magunia Cephas alikohoa. Akamwita mkewe kwa sauti ya chini, akamwambia aniulize kama nimeumia. Risper akaniuliza. Nikatikisa kichwa. Risper akamjibu kwamba sijaumia, na Cephas akamwambia aniulize tena kama nafasi inanitosha, maana wakirudi tena ataongeza upana, na kishubaka cha mtoto atakiingiza ndani zaidi. Risper akanigeukia, lakini hakuuliza.

Nikaweka kiganja changu kwenye gunia la ukuta. Lilikuwa limelowa.

"Cephas," nikasema, na sikuwahi kumwita kwa jina lake. "Nafasi inanitosha. Umejenga vizuri, mwanangu. Lakini sikuja kutafuta nafasi. Tangu siku ile ya kwanza nilitaka unipe Risper na mtoto niende nao Rangwe, na sasa nataka nawe uje nasi."